Bunduki ya Mitutu Miwili: Kabla ya Kulipa, Ifungue Kwanza

Mpwa wangu anaishi Arizona. Ni dereva wa malori, ameshachukua uraia wa huko, na kila akipiga simu huwa ni salamu za mamake, habari za mpira na baridi ya barabarani. Ijumaa moja usiku alikuja na jipya. "Mjomba, wenzangu kazini wamenialika kwenye mchezo wa kulenga shabaha wa makauboi. Kofia ninayo, buti ninazo, bunduki sina. Nimeona moja ya mitutu miwili, dola mia tatu. Niichukue?"

Nilicheka kwanza. Sisi wa umri wangu tumelelewa na filamu za kauboi, tukikaa mkekani kwenye nyumba ya jirani mwenye video, na kila mtoto wa mtaa akijua kuchomoa bastola ya kijiti. Sikujua kwamba watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wanafanya hivyo hivyo kwa bunduki za kweli, tena kwa kanuni zilizoandikwa. Nikamwambia asilipe hata senti mpaka nimpigie. Nimekaa wiki kadhaa nikisoma kanuni hizo na kuulizia, na kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani siku hizi zina kijana ng'ambo, naona yaliyomfaa yeye yatawafaa na wengine.

Mchezo wenyewe ulianza California mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1987 kikaundwa chama cha kuusimamia, Single Action Shooting Society, kinachojulikana kwa kifupi SASS. Kila mwanachama hujichagulia jina la kikauboi, na jina likishasajiliwa halipewi mwengine. Lazima uvae mavazi ya mwishoni mwa karne ya 19 au ya filamu za kauboi. Halafu unasimama mbele ya shabaha za chuma ukiwa na silaha za namna nne: bastola mbili za kukoka nyundo kwa kidole kila risasi, bunduki ya risasi mojamoja inayokokwa kwa mkono ulio chini ya kifyatulio, na bunduki ya marisau. Saa inalia, unaanza, na anayemaliza kwa sekunde chache zaidi ndiye mshindi. Shabaha uliyoikosa inakuongezea sekunde tano. Ukikosea utaratibu ulioelezwa, sekunde kumi.

Kwa bunduki ya marisau, wachezaji wengi hutumia za aina tatu zinazokubaliwa na kanuni. Kuna ile ya kukoka kwa mkono, Winchester ya 1887. Kuna ile ya kusukuma na kuvuta, yenye nyundo ya nje, Winchester ya 1897. Zote mbili zilibuniwa na John Browning. Na kuna hii ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Zile ambazo mtutu mmoja uko juu ya mwengine hazikubaliwi, hata ziwe nzuri vipi. Wengi huanza na ya ubavu kwa ubavu kwa sababu ni rahisi kuielewa, haina vyuma vingi vya kuharibika, na iliyo fupi ina historia yake: ndiyo waliyoishika walinzi wa magari ya farasi ya Wells Fargo, waliokaa pembeni mwa dereva wakilinda sanduku la pesa. Mpaka leo bunduki fupi za namna hiyo huuzwa kwa jina la bunduki za gari la farasi.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Alidhani mimi najua bunduki kwa sababu ya mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa na shamba la mahindi na minazi na bunduki ya mitutu miwili yenye cheti, ya kufukuzia nguruwe mwitu. Nilikuwa mtoto, nikibeba tochi. Ninalolikumbuka zaidi ni ganda kukwama. Mlio wa bunduki nimeusahau zamani. Mzee alipiga mara mbili, nguruwe wakatawanyika, na alipoifungua bunduki apakie tena, maganda yakagoma kutoka. Akatoa kisu kiunoni, akayachokoa kwa ncha, huku akinung'unika maneno ambayo sitayaandika hapa. Alipomaliza, nguruwe walikuwa wamesharudi wanakula upande wa pili wa shamba.

Niliposoma kanuni za SASS nikamwona mzee yule tena. Shabaha za marisau ziko karibu, mara nyingi kati ya yadi 8 na 16, na ni vibamba vya chuma vya kuangushwa. Kwa umbali huo karibu bunduki yoyote nzima itaviangusha. Ila huruhusiwi kupakia zaidi ya risasi mbili kwa mara moja, na shabaha zaweza kuwa nne au sita. Basi unapiga mbili, unafungua, unatoa maganda, unachomoa mbili mpya kiunoni, unazitia, unafunga, unapiga. Kibamba kikibaki kimesimama, unaruhusiwa kukirudia, lakini kwa kupakia tena. Sekunde zote zinakwenda hapo, kwenye kufungua na kufunga. Kulenga ni sehemu ndogo.

Kwa hivyo muuzaji akikusifia nakshi za ubavuni, mbao za jozi na umbali ambao bunduki inaweza kuua bata, mwache aseme. Wewe iombe mkononi. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba haina kitu, uelekeze mitutu pasipo na mtu, kisha sukuma kile kitufe cha juu na uiachie. Je, mitutu inaanguka yenyewe au inakutaka uivunje gotini kama kuni? Bunduki mpya za bei ya chini nyingi ni ngumu, kwa sababu tendo la kufungua ndilo linalokoka nyundo za ndani, na springi zake ni nene. Ifungue mara kumi, ishirini. Mkono ukichoka dukani, uwanjani utachoka zaidi.

Jambo la pili ni namna maganda yanavyotoka. Bunduki za bei kubwa zina mtambo unaoyarusha maganda nje yenyewe pindi unapofungua. Mtu angedhani hiyo ndiyo ya kununua. La, kanuni zinaukataza. Inatakiwa bunduki yenye kijino kinachoyainua maganda kidogo tu, mengine ni kazi yako: unaitikisa bunduki kwa nyuma, juu ya bega, na maganda yanaruka. Ukiwa na bunduki yenye mtambo wa kurusha, lazima fundi auzime kwanza. Yaani hapa pesa nyingi inakununulia kitu ambacho utalipa tena kukiondoa.

Maganda yatoke kwa mtikiso mmoja, na hilo linategemea vitu viwili. Kwanza ni ulaini wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Baruti inapolipuka, ganda la plastiki hutanuka na kubana kuta za chemba. Zikiwa na mikwaruzo ya mashine, linang'ang'ania. Mafundi huzisugua mpaka zing'ae kama kioo, na wengine huchonga kidogo mdomo wa chemba ili risasi iteleze kuingia hata ukiitia kwa haraka. Pili ni risasi zenyewe. Maganda yenye mifereji ubavuni hukwama zaidi kuliko yaliyo laini, na ndiyo maana wachezaji wengi wanapenda Winchester AA au Remington STS. Jihadhari na jaribio la dukani la risasi bandia. Risasi bandia haijalipuka, haijatanuka, itaanguka hata kwenye bunduki mbovu. Ukipata nafasi ya kuijaribu uwanjani kabla ya kulipa, itumie.

Kuhusu ukubwa, wengi hutumia geji 12, kwa kuwa risasi zake ziko kila duka na kuna zile nyepesi zisizoumiza bega. Mwenye mwili mdogo achukue geji 20, ambayo kanuni zinairuhusu. Marisau yawe ya risasi nyeusi, yaani ya madini ya lead, namba 4 au madogo zaidi. Ya chuma cha pua ni marufuku kwa sababu yakigonga kibamba hurudi na kujeruhi watu.

Vifyatulio viwili au kimoja? Wenye mbio hupenda kimoja, kwani kidole hakihami. Mimi kwa mwenye pesa kidogo nasema viwili. Kifyatulio kimoja kinachohama kutoka mtutu wa kwanza hadi wa pili ni saa ndogo ya vyuma, na kwenye bunduki rahisi saa hiyo huweza kusimama. Viwili havina ujanja: cha mbele mtutu mmoja, cha nyuma mtutu wa pili. Nyundo za nje zinapendeza sana na zinafanana na picha za zamani, na baadhi ya madaraja ya mashindano yanazidai, lakini kila ukipakia unazikoka mbili kwa kidole gumba. Anayeanza aepuke, isipokuwa kama amekuja kwa ajili ya picha. Wapo, na sioni ubaya.

Halafu kuna kizuizi cha usalama. Kwenye bunduki nyingi za kuwindia, ukifungua tu kizuizi kinajirudisha. Shambani ni jambo zuri sana. Kwenye mchezo huu mtu anafunga, anabonyeza, kimya. Anakumbuka, anasukuma kizuizi, sekunde mbili zimekwenda. Fundi huondoa ile sehemu inayokirudisha ili kizuizi kibaki kwa mkono, na kanuni zinaruhusu. Usalama wa uwanjani umewekwa kwenye mambo mengine: bunduki inaletwa ikiwa wazi na tupu, inawekwa mezani ikiwa wazi na tupu, haipakiwi mpaka saa ilie, na mdomo wake usizidi nyuzi 170 za upande wa shabaha. Ukiuvuka mstari huo ukigeukageuka unaondolewa kwenye duru hiyo. Miwani ya kukinga macho ni lazima, ya masikio usiambiwe.

Tuje sokoni. Mpya iliyo ya kawaida kwa wanaoanza ni Stoeger Coach Gun, inayotengenezwa Brazil. Ina mitutu ya inchi 20, uzito wa kilo tatu hivi, na huuzwa kati ya dola 400 na 600 kutegemea duka na aina. Chukua dola 500, ni kama shilingi 65,000 za hapa. Ni imara lakini ni ngumu kufungua inapokuwa mpya, chemba zake si laini, na kizuizi kinajirudisha. Inahitaji fundi, na fundi wa bunduki Marekani si fundi wa jua kali. Dola mia mbili hutoka bila kuhisi. Bei yake ya kweli, basi, ijumlishe pamoja na fundi.

Ukienda juu kidogo, karibu dola 1,000, unakuta za nyundo za nje zinazouzwa na CZ na kutengenezwa na ushirika wa mafundi wa Huğlu, Uturuki. Kazi ya mikono imetulia zaidi. Ukienda chini unakutana na za China zilizoigizwa umbo la Colt ya 1878, ambazo sura wanayo lakini ndani zinataka kusuguliwa kila kona. Za Urusi, Baikal, zilisifiwa kwa ugumu wa chuma, ila zilikoma kuingia Marekani baada ya vikwazo vya mwaka 2014, kwa hiyo utazipata kwa mkono wa pili tu. Na wakongwe wa mchezo utawaona na SKB au Browning BSS, zote za Japani, zilizokwisha kutengenezwa zamani. Hizo hufunguka kama mlango uliotiwa mafuta ya nazi. Bei yake ni mara mbili au tatu ya Stoeger, na wenyewe hawaziachi ovyo.

Kati ya hizo zote, jicho langu liko kwa Stevens 311. Ni bunduki ya Kimarekani ya watu wa kawaida, ya mkulima na mwindaji, iliyotengenezwa kwa miongo mingi. Vifyatulio viwili, chuma kinene, haina mapambo. Kwa kuwa imetumika miaka, ugumu wa kufungua mara nyingi umeshalainika wenyewe. Kasoro yake ni mitutu mirefu, na hapo ndipo nilipopata hofu na mpwa wangu.

"Hiyo si tabu, Mjomba," aliniambia. "Nina msumeno wa chuma gereji."

Nilimkatiza papo hapo. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1934 inasema mitutu ya bunduki ya marisau isipungue inchi 18, na bunduki nzima isipungue inchi 26. Ukikata ikawa inchi kumi na saba na nusu bila kibali maalumu na usajili, mikononi una silaha haramu, na kosa lake ni kifungo cha hadi miaka kumi. Msumeno wa gereji hauna macho. Wanaotaka fupi huenda kwa fundi, naye huacha inchi 20 au hata 19 ili pawe na nafasi ya kosa.

Kuhusu zilizo kuukuu kweli, zile za babu wa babu: rahisi huvunja upishi, na hapa inaweza kuvunja vidole. Mitutu mingi ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa kusokota vipande vya chuma na kuvichomelea pamoja. Ina michirizi ya kupendeza kama mbao, wanaiita Damascus, na ilitengenezwa enzi za baruti nyeusi. Risasi za kisasa zina mgandamizo ambao mitutu ile haikukusudiwa. Pia chemba za zamani, hasa za Uingereza na Ulaya, zilikuwa fupi kuliko risasi za leo zenye urefu wa inchi mbili na robo tatu. Risasi inaingia vizuri, bunduki inafunga, nawe huna habari kwamba mdomo wa ganda hauna mahali pa kufungukia. Hiyo itundike ukutani.

Hata ya mkono wa pili iliyo ya kisasa, ikague. Toa ile mbao ya chini ya mitutu, ifunge, uishike kitako na uitikise taratibu: ikicheza kwenye bawaba, bawaba imekwisha. Iinue kwenye mwanga uone kama kuna ufa kati ya mitutu na ukuta wa nyuma. Chungulia ndani ya mitutu kwa nyuma ikiwa wazi, utafute kutu na mabonde. Tazama kitako kwenye shingo, mahali mbao inapokutana na chuma. Nyufa nyingi huanzia pale. Na kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wako, kumbuka kukikata mbao ni halali na rahisi, mradi ile jumla ya inchi 26 isiguswe.

Lililobaki ni la karatasi, na kwa vijana wetu ndilo kubwa kuliko yote. Mpwa wangu ni raia, hana tatizo. Mwenye kadi ya kijani pia kwa sheria ya shirikisho anaweza kununua, ingawa majimbo yana masharti yao. Lakini aliyeko huko kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Aliyeko bila karatasi haruhusiwi kabisa. Na kuwa nayo si kuinunua tu. Kuipokea kwa rafiki uwanjani ukapiga mbili huku ukipigwa picha kunaweza kuhesabiwa, na picha ile ukaiweka mwenyewe mtandaoni. Kuna waliopoteza ndoto ya maisha kwa jambo dogo kuliko hilo.

Dukani utajazishwa fomu inayoitwa 4473, kisha utachunguzwa. Inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kumnunulia binamu asiyeruhusiwa, ukasema ni yako, ni jinai. Inauliza pia juu ya matumizi ya dawa zilizodhibitiwa, na hapa nawataja wazee wa baraza: miraa na muguka, tunavyovichukulia hapa kama kahawa, huko vina kemikali iliyo kwenye orodha hiyo. Ukidanganya kwenye fomu, uongo wenyewe ni kosa jipya. Na asifikirie mtu kuileta nyumbani ionekane harusini. Kuwa na silaha Kenya bila cheti ni kosa zito, na uwanja wa ndege haujui kwamba wewe ni kauboi.

Nilimpigia mpwa wangu nikamwambia aende uwanjani kwanza, asinunue kitu. Wenye vilabu hivyo, kwa niliyoyasikia, humpa mgeni bunduki zao ajaribu, kwani wanajua bastola mbili na ile ya mkono zinamsubiri pia na zote ni pesa. Akaenda Jumamosi moja. Alipiga kwa Stoeger ya mzee mmoja, kisha kwa SKB ya mama mwenye gauni refu na kofia ya manyoya, aliyemshinda kwa sekunde nyingi.

Ile ya dola mia tatu aliirudia dukani, akaifungua kama nilivyomwambia. Ilikuwa na mlio mzuri, mbao safi, na mitutu iliyocheza kwenye bawaba kama mlango wa choo cha shule. Akaiacha. Mwezi uliofuata alipata Stevens 311 ya mkulima aliyezeeka, dola 350, akampelekea fundi aikate mpaka inchi 20, asugue chemba na aondoe sehemu ya kurudisha kizuizi. Juzi alinitumia video. Anapiga mbili, anafungua, anatikisa, ganda moja linaruka na la pili linabaki ndani. Anachokoa kwa kidole, wenzake wanacheka nyuma ya kamera. Nilimuuliza risasi gani. Akasema za bei ya chini, zenye mifereji.